Jina la pekee kwa mtoto: namna ya kulichagua bila kupoteza asili

Mwalimu wa Butembo akiita «Kambale!» darasani, vijana kadhaa huitika kwa pamoja. Akiita «Masika!», upande wa wasichana huwa vilevile. Ndiyo sababu wazazi wengi vijana, katika miji ya Butembo na Beni huku Kivu ya Kaskazini, Kongo, wanawatafutia watoto wao jina ambalo jirani hana. Kuna wazee wanaoona huko ni kutupa asili. Mimi naona wazazi hao wana haki, na jina la pekee lina faida kubwa, mradi lisichukue nafasi ya jina linaloonyesha mfuatano wa kuzaliwa. Fuateni hatua hizi.

1. Jina la mfuatano libaki mbele

Kwetu Wanande, jina la kwanza halichaguliwi, mtoto huja nalo. Mvulana wa kwanza ni Paluku, Mumbere au Nzanzu, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana Masika, Kavira, Kavugho, Mbambu, Katungu na mengine. Majina haya yanavuka mpaka wa Kasindi: ndugu zetu Wakonzo wa Uganda wanaitwa Bwambale, Masereka, Thembo, Biira. Mfanyabiashara wa Butembo akifika Kasese na kujitaja kuwa Kambale, mwenyeji anajua mara moja kwamba ni mtoto wa pili wa kiume. Jina jipya, hata liwe tamu namna gani, haliwezi kazi hiyo.

Tazameni magavana wawili waliofuatana wa Kivu ya Kaskazini: Julien Paluku Kahongya na Carly Nzanzu Kasivita. Katikati ya kila jina lipo la mzaliwa wa kwanza. Carly ni jina ambalo husikii kila siku, lakini halikumzuia mwenyewe kubeba Nzanzu.

2. Wekeni upekee kwenye postinomu au prenomu

Makaratasi yetu yana nafasi tatu: jina (kama Paluku), postinomu (kama Kahongya) na prenomu (kama Julien). Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na watu wakashika majina ya ukoo. Baadaye prenomu zilirudi, postinomu ikabaki. Kwa hiyo mna nafasi mbili za kuchagulia kwa uhuru.

Kwa postinomu, anzeni na ukoo. Waulizeni babu na bibi wa pande zote mbili majina ya wahenga ambayo hayaitwi tena. Hapo mtapata jina ambalo mtaani hakuna mwingine mwenye nalo, na wazee watalipokea kwa furaha.

Kwa prenomu, mnaweza kutunga. Wakongo ni mafundi wa kazi hiyo: Glodi limetoka kwenye Gloire de Dieu, Gradi kwenye Grâce de Dieu, Plamedi kwenye Plan merveilleux de Dieu. Sasa majina hayo yameenea, lakini njia ni ileile. Chukueni maneno ya sala yenu au ya shukrani yenu, unganisheni silabi zake za mwanzo, mpate jina fupi lenye silabi mbili au tatu.

3. Pimeni uzito wake

Kode ya Familia ya 1987 inataka majina yatokane na utamaduni wa Kikongo, na inakataza jina la matusi, la kudhalilisha au la uchokozi. Lakini kuna uzito mwingine ambao sheria haiupimi. Tangu 2014 mauaji yameziachia familia nyingi za Beni msiba na ukimbizi, na mzazi aliyejifungua katika hali hiyo huvutwa kumwita mtoto Mateso, Masumbuko au Vita. Namwelewa kabisa. Hata hivyo mtoto hakuleta vita, na jina hilo ataitwa hadi uzeeni. Kama mnataka kuukumbuka wakati huo, utajeni kwa upande wa uhai: aliyewapokea, aliyewavusha, mlichookoa.

Epukeni pia jina la mwanasiasa au mkubwa wa vita anayevuma leo. Sifa yake ikigeuka, mtoto ndiye ataulizwa.

4. Lijaribuni kabla ya kuamua

Semeni majina yote matatu kwa sauti, kama yatakavyosomwa siku ya matokeo ya shule. Mwiteni mtu kwa jina hilo kutoka mbali, kama mnavyoitana sokoni. Waulizeni wanaojua Kinande, Kiswahili, Kifaransa na Lingala kama halina maana mbaya. Kisha mtajieni jamaa jina hilo kwa mdomo tu, alisikilize na kuliandika. Akikosea, na wa pili akikosea vilevile, punguzeni herufi. Hata majina yetu ya kawaida yanaandikwa kwa namna nyingi: Kavugho, Kavuo, Kabuo. Jina geni litapata taabu zaidi.

5. Andikisheni mapema, someni herufi kwa herufi

Kode ya Familia ilivyorekebishwa mwaka 2016 inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya eta sivil, yaani ya usajili wa raia, bila malipo. Muda ukipita, mtalazimika kupitia mahakamani. Na baada ya kuandikwa, hata kubadili herufi moja kunahitaji ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo nendeni na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na msitie sahihi kabla ya kulisoma. Maandishi hayohayo yatumike kwenye ubatizo, shuleni, kwenye diploma ya Stati na paspoti. Jina la pekee likiandikwa namna mbili, serikali huona watu wawili.

Mwisho, mtoto akianza kuuliza, mwambieni kwa nini mlimchagulia jina hilo na nani mwingine aliwahi kuitwa hivyo. Akijua sababu, wenzake wakilicheka atakuwa na jibu.