Ukienda Budapest, anza na mto

Mdogo wangu uliyeandika kwamba unakwenda Budapest, hongera sana. Umeniuliza uanzie wapi, nami nakwambia anzia mtoni. Buda iko magharibi ya Danube, imejaa vilima na kasri. Pest iko mashariki, tambarare na yenye pilikapilika. Hadi 1873 ilikuwa miji mbalimbali, ndipo ikaunganishwa pamoja na Óbuda. Vuka kwa miguu Daraja la Minyororo, lililofunguliwa 1849. Wanajeshi wa Ujerumani walililipua 1945 wakati wakirudi nyuma, likajengwa tena na kufunguliwa 1949.

Ukirudi Pest, fuata ukingo hadi kusini kidogo ya bunge. Hapo usiwe na haraka. Utakuta jozi 60 za viatu vya chuma vimepangwa kwenye jiwe la ukingoni: vya kiume vilivyochakaa, vya kike vyenye visigino, na vile vidogo vya watoto. Watu huweka maua na mishumaa ndani yake. Kati ya 1944 na 1945, wanamgambo wa Arrow Cross, washirika wa Wanazi, waliwasimamisha Wayahudi hapo mtoni, wakawaamuru wavue viatu, kisha wakawapiga risasi wakaangukia majini. Viatu vilikuwa mali ya kuuzwa, ndiyo maana wakavibakiza. Tafadhali mdogo wangu, usitumbukize mguu humo ili upigwe picha. Kama mko kundi, waambie wenzako kabla hamjafika.

Boti za watalii ni nzuri, lakini kama mfuko unabana, panda tramu namba 2. Inapita kandokando ya mto, na ukipata kiti cha dirishani utaiona Buda vizuri mno, hasa taa zikiwashwa. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine. Kuinunua tu hakutoshi, na wakaguzi hutoza faini hata mgeni. Pesa yao ni forinti, si yuro. ATM ikikuuliza ukatwe kwa forinti au kwa pesa ya kwenu, chagua forinti, maana hiyo njia nyingine inakukamua.

Viza ni ya Schengen. Unaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla ya safari, basi usingoje zibaki wiki mbili. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Na begini tia nguo ya kuogelea na ndala, kwa sababu mabafu ya maji moto ya Széchenyi yako wazi hata wakati wa baridi.