Simu Katika Sala ya Jamaa: Nyoka ama Nge?

Hapa Mbaha wavuvi huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Mama mmoja aliyejiunga na dini hivi karibuni aliniuliza: “Mwalimu, unatuamuru tuzime simu wakati wa Sala. Mume wangu yumo ziwani na mwera unavuma. Je, nizime?” Kila Ijumaa nilikuwa nikitangaza kwa sauti kubwa ya kuwa simu zote zizimwe, wala sikuwa nimefikiri juu ya mtu kama yeye. Siku ile sikumjibu.

Yafaa ifahamike ya kuwa jambo hili la kukatizwa katika Sala limechunguzwa na watu wa Kitabu kabla yetu, na hasa Wayahudi. Wala tusidhani kwamba Wayahudi ni watu wa mbali tu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, ambao kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, aliishika dini hiyo mwaka 1919. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake wakapigwa marufuku kuabudu katika utawala wa Idi Amin, na hata hivyo wapo mpaka leo. Kwa Myahudi ashikaye sheria, Sabato haina taabu ya simu, kwani tangu jua kuchwa Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi haigusi kabisa. Taabu iko katika Sala za siku nyingine, na zaidi kwa kuwa siku hizi wengi husoma kitabu cha Sala katika simu hiyo hiyo inayoleta habari za soko.

Sala yao kuu huitwa Amida, yaani Kusimama. Mwenye kusali huelekea Yerusalemu, hupiga hatua tatu mbele kama aingiaye kwa mfalme, huunganisha miguu yake, na husoma kwa kunong’ona. Katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, imefundishwa kwamba hata mfalme akimsalimu asijibu, na hata nyoka akijizungusha kisiginoni asikatize. Maneno mazito haya! Lakini wanavyuoni waliofuata, ambao mafundisho yao yamo katika Talmud, waliyatazama kwa makini. Walisema: nyoka, sawa, bali akiwa ni nge, mtu akatize. Nyoka aweza kupita asipochokozwa, ila nge huuma tu. Hata mfalme, wakaeleza, ni mfalme wa Israeli; ama mtawala mgeni awezaye kuua kwa kukosa kujibiwa, huyo hujibiwa.

Basi tazama, ewe msomaji, jinsi swali linavyogeuka. Si “je, simu imelia?” bali “je, aliaye ni nyoka ama nge?” Nami nakiri kwamba katika simu zote nilizopokea tangu nifike hapa, nge ni wachache mno. Nyingi ni salamu, na matangazo ya kampuni za simu.

Liko jambo jingine ambalo sisi hulisahau. Wayahudi huhitaji watu kumi ili Sala iwe ya jamaa. Baada ya Sala ya kunong’ona, imamu wao huirudia kwa sauti, na waliobaki huitikia Amina. Yosef Karo, ambaye kitabu chake cha sheria kilichapwa Venice mwaka 1565, ameandika kwamba wasipokuwapo tisa wanaosikiliza, baraka za imamu zakaribia kuwa bure. Yaani katika mkutano wa watu kumi, mmoja akiinamia simu yake amewaharibia wote.

Na sisi Waislamu je? Sura Al-Muuminun inaanza kwa kuwasifu waumini ambao ni wanyenyekevu katika Sala zao. Na Mtume s.a.w. aliruhusu kuuawa nyoka na nge hata katikati ya Sala; na aliposikia kilio cha mtoto alifupisha Sala kwa kumhurumia mama yake. Kwa hiyo aliyesahau kuizima simu, nayo ikalia, na aizime kwa mkono mmoja pale pale aliposimama; ni harakati ndogo, na ni afadhali kuliko kuuacha mlio uwasumbue wote mpaka salamu ya mwisho.

Juma lililofuata nilimwendea yule mama na kumwambia ya kuwa nilikosea kuwawekea wote amri moja: dhoruba ziwani ni nge. Lakini simu yake ni ya tochi, haiwezi kuchagua nani alie na nani anyamaze. Tukashauriana. Sasa usiku wa mwera humwachia simu jirani yake Mwanglikana, aketiye kibarazani akichambua dagaa, hatua chache tu toka mlango wa wanawake. Ikiwa habari ni ya mtumbwi, huyo hubisha hodi. Nami hutangaza Ijumaa kwa maneno mengine, na yangu huizima kwanza, maana iliyokuwa ikilia mara nyingi kupita zote ilikuwa yangu.