Kaka Ana Mtaji, Sisi Tuna Sauti

Bwana Mshauri, sisi tu watatu, wa baba mmoja na mama mmoja, wakaazi wa Geita. Baba alitulea kwa kanda za Jim Reeves, na kwa kuwa sasa amekuwa mzee, tumekusudia kurekodi albamu ya nyimbo kumi za kantri azipendazo. Kaka yetu, mwenye duara la kuchimbia dhahabu huko Nyarugusu, ndiye atakayelipa studio ya Mwanza. Kwa hiyo ataka aongoze kila wimbo, na jalada liwe na jina lake peke yake. Mimi ni mwanakwaya, mdogo wetu ndiye mpiga gitaa. Huu ni mwezi wa pili hatusemezani. Je, nijitoe?
Dada wa Kati, Geita

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoirudia nilimfikiri mzee wenu zaidi ya nilivyowafikiri ninyi. Kwani ninyi mwashindania jalada, na yeye, ambaye hidaya hii ni yake, huenda hata hana habari kwamba wanawe hawaamkiani.

Huko Marekani walikuwapo ndugu wawili, Don na Phil Everly, ambao baba yao, Ike, alikuwa mchimba makaa ya mawe katika Kentucky kabla ya kulifanya gitaa kuwa riziki yake. Na mwaka 1958, hali wangali vijana na sifa yao imekwisha kuenea kwa nyimbo za kisasa, waliziweka hizo kando wakarekodi santuri nzima ya nyimbo za kale walizofundishwa na baba yao, sauti mbili zikienda sambamba hata msikilizaji ashindwe kusema ni ipi iliyo mbele. Mwaka 1973 ndugu hao walifarakana jukwaani, hadharani, Phil akalivunja gitaa lake akaondoka. Wala hawakuimba tena pamoja hadi mwaka 1983, mjini London. Ike alifariki mwaka 1975. Nakusihi uzitazame tarehe hizo kwa utulivu, kisha umwonyeshe na kaka yako.

Basi usijitoe. Lakini sisemi kwamba kaka yako ana haki kwa ayatakayo, maana yeye mwenyewe, kwa kazi aifanyayo, ajua insafu ilivyo: mawe yakitoka duarani hayabebwi yote na mtu mmoja kwa kuwa ndiye aliyegharimia, mwenye leseni ana mifuko yake, mwenye duara ana yake, na waliokwenda chini na nyundo wana yao. Mtaji hulipwa fungu lake, nalo ni halali. Kwa hiyo andikeni, kabla ya safari ya Mwanza, kwamba gharama zake zirudi kwanza kutoka katika mapato, kisha kinachosalia kigawanywe kwa watatu, na majina matatu yakae juu ya jalada, la kaka likitangulia kwa heshima ya ukubwa wake. Hilo la kutangulia mpe bila kinyongo.

Kuna na jambo jingine, ambalo katika ghadhabu zenu hamkulikumbuka. Jim Reeves, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, alikuwa mwimbaji, na aghalabu maneno aliyoyaimba yalitungwa na wengine. “He’ll Have to Go”, kwa mfano, ni utungo wa Joe na Audrey Allison. Kurudia wimbo na kuuuza kwahitaji idhini ya wenye hakimiliki, nao ni watunzi au warithi na mawakala wao. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize njia ya kuipata, mmoja wenu akiwa na orodha ya nyimbo zote kumi mkononi.

Kumwimbia baba nyumbani hakuhitaji idhini ya mtu. Kwa hiyo Jumapili hii, kabla studio haijapokea hata shilingi, mtangulie wewe kaka yako kwa salamu, usilitaje jalada. Mfuatane na mdogo wenu na gitaa lake mpaka barazani kwa mzee, kaka ashike sauti ya kwanza nawe ya pili, na wimbo unaofuata mbadilishane. Mkimaliza, mwulizeni mzee ni upi atakao uwe wa kwanza katika albamu, na nani auanze.