Viluwiluwi vya Dimbwini: Somo la Likizo kwa Watoto wa Busia na Malaba

Mwezi wa Agosti shule za Kenya hufungwa. Watoto wa Busia na Malaba hubaki nyumbani, wengine wakichunga ng'ombe, wengine wakipalilia, na wengine wakizurura kando ya barabara kuyatazama malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Katika nchi za Ulaya na Marekani watoto wengi hupelekwa kambini wakati huo, kwa kuwa kwao ni siku za joto. Huku kwetu Agosti si kiangazi. Mvua hunyesha, na njia hujaa vidimbwi. Walakini vidimbwi hivyo hivyo vyafaa kuwa darasa. Kambi ya siku kumi na mbili yaweza kufanywa chini ya mwembe wowote, na vyombo vinavyotakiwa ni kata au upawa, bakuli jeupe, chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, kipande cha chandarua kuukuu, uzi na kalenda.

Agosti ni mwezi unaofaa kwa sababu nyingine pia. Tarehe 20 Agosti, 1897, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza, alikuwa Secunderabad katika Bara Hindi. Siku hiyo alipasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa wa malaria, akamtazama kwa darubini, akaona vijidudu vya ugonjwa huo tumboni mwake. Mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia walihakikisha kwamba mbu anayemwambukiza mwanadamu malaria ni yule aitwaye anofelesi. Kabla ya hapo, watu wenye elimu kubwa walisema kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya ya vinamasi, na jina lenyewe la malaria maana yake ni hewa mbaya kwa Kiitaliani.

Basi mtu asiwacheke wazee wasemao kwamba homa huletwa na mvua, au na miwa na mahindi mabichi. Wameona vema kwamba homa hufuata mvua. Wasichokiona ni kiungo kilicho katikati, na kiungo hicho mtoto wa miaka tisa aweza kukishika katika bakuli.

Watoto watoke asubuhi pamoja na mtu mzima, wakatafute maji madogo yaliyotulia yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe karibu na kisima, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, na hasa mifereji iliyokatwa na matairi ya malori pale Malaba, mahali ambapo malori hayaegeshwi tena. Wasiingie mtoni wala ziwani, kwa kuwa huko kuna hatari ya kuzama na ya kichocho. Wakaribie polepole, wala wasitupe kivuli chao juu ya maji, maana viluwiluwi vikiona giza huzama chini mara moja. Vikizama, wangoje kimya. Vitarudi juu kwa kuwa vinahitaji hewa. Hapo kata itumbukizwe upande, na maji yamiminwe katika bakuli jeupe.

Sasa watazame kwa makini jinsi kila kiluwiluwi kinavyokaa. Kile cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Kile cha kuleksi, mbu apigaye kelele usiku na apendaye maji machafu ya vyoo na mitaro, huning'inia kichwa chini, na mkiani kina mrija wa kuvutia hewa. Tofauti hiyo yaonekana kwa macho matupu. Mtoto akiijua aweza kueleza kwa nini mtaro unaonuka huenda usiwe na mbu wa malaria hata mmoja, na unyayo wa ng'ombe wenye maji safi ukawa nao ishirini.

Viluwiluwi kumi vitiwe katika kila chupa, pamoja na maji ya dimbwi lile lile, na midomo ya chupa ifungwe kwa chandarua na uzi. Katika chupa moja lidondoshwe tone moja au mawili ya mafuta ya kupikia, yatandae juu ya maji. Chupa ya pili isitiwe kitu. Watoto wahesabu kila saa ni vingapi vinavyocheza. Mara nyingi kabla ya jua kutua viluwiluwi vya chupa yenye mafuta huwa vimekufa, na vile vingine vingali hai.

Watoto wengi watasema kwamba mafuta ni sumu. Mwalimu asiwajibu upesi. Awaulize, je, jana walikula ugali na mboga iliyokaangwa kwa nini? Wakifikiri wataona wenyewe kwamba mafuta yameziba uso wa maji na viluwiluwi vimekosa hewa. Tena awaulize, ile chupa ya pili ilikuwa na kazi gani? Ni shahidi. Bila hiyo hapana ajuaye kama viluwiluwi vimekufa kwa mafuta, au kwa joto, au kwa kuchoka. Katika somo zima hakuna jambo kubwa kuliko hili, na mwalimu akilipitia kwa haraka amepoteza siku yake. Wakatazwe, hata hivyo, kumwaga mafuta katika kisima au mto. Maji hayo hunywewa na watu na mifugo. Dimbwi la njiani dawa yake ni jembe: lifukiwe, au lichimbiwe njia ya maji.

Chupa ya shahidi iwekwe kivulini, na tarehe iandikwe kwenye kalenda. Baada ya siku chache kila kiluwiluwi kitajikunja mfano wa alama ya mkato, nacho katika hali hiyo hakili kitu. Siku moja au mbili baadaye ngozi hupasuka na mbu mwenye mabawa husimama juu ya maji. Anofelesi hutambulikana kwa kuinua mkia akitua. Tangu yai hadi mabawa ni siku kama kumi katika joto la Busia. Hapo maji ya sabuni yamiminwe ndani kupitia chandarua na chupa itikiswe, asitoke mbu hata mmoja.

Kisha hesabu ifanywe. Mbu jike (dume hanyonyi damu) huhitaji siku kama kumi nyingine au zaidi, tangu amnyonye mgonjwa, mpaka vijidudu vikomae ndani yake. Mtu aliyeumwa na mbu huyo kwa kawaida huanza kuugua baada ya siku 9 hadi 14. Watoto wajumlishe, na wahesabu kwenye kalenda tangu siku ya mvua. Watapata mwezi mzima na pengine zaidi. Ndiyo sababu mtu ashikwapo na homa mvua ile imekwisha kusahauliwa, na lawama huangukia mahindi mabichi aliyokula jana. Busia ni mojawapo ya sehemu za Kenya zinazosumbuliwa mno na malaria. Chanjo iliyoanza kutolewa magharibi ya nchi mwaka 2019 imeongeza kinga kwa watoto wadogo, lakini haiondoi haja ya chandarua. Wala mbu haulizwi pasi mpakani. Busia ya Kenya na Busia ya Uganda hushiriki mbu wale wale.

Siku za kungoja mabawa ni nyingi, na watoto wasikae bure. Kijiti cha mita moja kisimikwe wima mahali pa wazi, na ncha ya kivuli itiwe kijiwe kila baada ya dakika tano tangu saa sita. Watastaajabu kuona kwamba kivuli kifupi kabisa hakitokei saa sita kamili, bali katikati ya Agosti karibu saa sita na dakika 48. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45, unaopita karibu na Mogadishu, na jua huchelewa kufika Busia. Hata Mombasa hulitangulia kwa dakika 22 hivi. Kivuli hicho kitakuwa na urefu wa sentimita 24 hivi, nacho kitaelekea kusini. Kijiti kisiondolewe. Likizo ya Desemba watoto hao hao warudi na futi yao, wapime tena, na waseme kivuli kimeelekea upande gani.