Kelele za Injini na Uchaguzi wa Oili

Pikipiki kuukuu ya mipigo minne ipandapo kutoka Korogwe kuelekea Handeni huweza kutoa kelele ambazo fundi hana budi kuzipambanua kabla ya kubadili oili. Kelele ififiayo injini ipatapo joto aghalabu ni ya pistoni katika silinda iliyolika. Mlio mwembamba wa juu huwa wa vali, nao hutulizwa kwa kurekebisha nafasi zake.

Mgongo mzito uzidio mlimani mara nyingi hutokana na beringi ya mkono wa pistoni. Oili ya 20W-50, iliyo nzito kuliko 10W-30 injini ikiwa moto, huweza kuufifisha kwa utando wake mnene. Hapo mwenye pikipiki hufarijika bure: beringi huendelea kulika, hata mkono ukatike na kuitoboa injini.

Alama ya JASO MA nayo itazamwe, kwani klachi ya pikipiki nyingi huoga katika oili hiyohiyo. Oili ya motokaa yenye viungo vya kupunguza msuguano yaweza kuifanya iteleze.