Picha ya Eksirei ni Kivuli

Muhula uliopita nilianguka uwanjani tukicheza mpira, nikauangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavimba. Mwalimu wa zamu akanipeleka hospitali, nami nikapigwa picha mbili za eksirei. Katika ya kwanza nililaza kiganja juu ya meza. Katika ya pili niliambiwa niusimamishe mkono kwa upande, kidole gumba kikiwa juu. Uliniuma mno, nikaugeuza nusu tu. Mpiga picha aliponiuliza kama naumia, niliona haya, nikasema siumii. Watu walikuwa wengi mlangoni, picha ikachukuliwa vivyo hivyo.

Daktari hakuona ufa. Nikarudi bwenini na bandeji, lakini siku 9 zikapita na uvimbe haukupungua. Picha ziliporudiwa, mkono ukiwa umesimama barabara, ufa ulionekana wazi. Nilifungwa plasta wiki 6, na mtihani wa majaribio ukanikuta siwezi kushika kalamu.

Nilijiuliza, je, kugeuza mkono vibaya kunawezaje kuficha ufa? Jibu nililipata katika somo la Fizikia: picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi hupenya nyama kwa urahisi kuliko mfupa, basi mfupa huacha kivuli cheupe kwenye picha.

Wewe msomaji waweza kujaribu jambo hili usiku kwa taa na ukuta. Shika rula, kivuli chake ni kipana. Igeuze ubavu, kivuli huwa uzi mwembamba. Rula ni ile ile. Ndiyo maana mfupa unaodhaniwa kuvunjika hupigwa picha angalau mbili, ya mbele na ya ubavuni. Sasa isogeze rula karibu na taa: kivuli kinakuwa kikubwa.

Hayo yote hutokea kifuani pia. Kwa desturi mgonjwa awezaye kusimama huelekeza kifua kwenye bamba la picha, na mashine huwa nyuma yake, umbali wa mita 1.8 hivi. Akigeuzwa mgongo kwenye bamba, moyo huwa mbali nalo, na kivuli chake hukuzwa. Akisimama upande upande, pafu moja huweza kuonekana jeusi kuliko la pili. Mpiga picha hutazama ncha za ndani za mitulinga: zikiwa sawa kutoka uti wa mgongo, mgonjwa amesimama sawa. Mabega husogezwa mbele ili mifupa mipana ya mgongoni isifunike mapafu. Pumzi nayo ivutwe kwa nguvu na kuzuiwa. Asiyeivuta vema, mapafu yake huonekana yamebanwa, na daktari aweza kudhani pana ugonjwa.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii mwaka 1895 huko Würzburg, Ujerumani. Alipopiga picha ya mkono wa mkewe, pete nayo ilitoka pamoja na mifupa. Basi tuvue mikufu, tutoe sarafu na simu mifukoni, na tuinue nywele zilizosukwa zisiangukie kifua. Tuhakikishe pia kwamba alama ya kulia au kushoto imewekwa mahali pake.

Picha ikiharibika hurudiwa, na kila kurudia ni kuongeza mionzi mwilini. Mwanamke anayedhani ana mimba aseme kabla ya kupigwa picha.

Wazazi na wanafunzi wenzangu, kazi hii si ya mpiga picha peke yake. Yeye hupanga, nasi hutulia. Tukishindwa kukaa alivyotuagiza, tumwambie kweli, kwani anaweza kuusogeza mtambo au kuweka mto chini ya mkono. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na ufa mdogo tu, nashukuru.