Andika Ulichokiona: Mwongozo wa Kuripoti Ubovu wa Gari kwa Madereva wa Usambazaji

Mwongozo huu ni wa madereva wanaosambaza bidhaa kwa Canter na malori mengine ya kadiri yake, kutoka maghala ya Changamwe, Miritini na Mombasa mjini kwenda Kwale, Kilifi na kwingineko Pwani. Unawahusu pia mataniboi, wasimamizi wa magari na mafundi wa yadi. Shabaha yake ni kwamba ubovu alioubaini dereva barabarani umfikie fundi bila kupotea njiani.

1. Kwa nini taarifa ya mdomo haitoshi

Ubovu mwingine haurudi yadini pamoja na gari. Chukua breki za mafuta, ambazo ndizo za Canter nyingi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na hewa ya Pwani haina uhaba wa unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishalowa maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi karibu na 140. Dereva akiteremka Mazeras na mzigo, mguu ukiwa juu ya breki, joto la magurudumu huyachemsha. Mafuta hayabonyei lakini mvuke hubonyea, basi pedali huzama.

Gari likifika yadini na kupoa, mvuke hutoweka na pedali hukaza tena. Asubuhi fundi ataikanyaga, aione ngumu, aseme gari ni zima. Hadanganyi. Kilichobaki cha kumwonyesha ni neno la dereva tu, na kama neno hilo lilisemwa langoni jioni huku karani akihesabu risiti, limeshapotea. Kwa hiyo, ubovu ambao haukuandikwa uhesabiwe kuwa haujaripotiwa.

2. Kagua kabla ya kuanza safari

Zunguka gari likiwa bado limesimama penye mwanga. Mambo mawili hupitwa na wengi.

(a) Tairi pacha za nyuma. Ya ndani ikiisha upepo, ya nje hubeba mzigo wote na kupata moto, na kwa macho huoni kitu. Zigonge zote kwa rungu. Yenye upepo hulirudisha rungu. Iliyoisha hulipokea kwa sauti nzito, kama kupiga gunia.

(b) Nati za magurudumu. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ni dalili kwamba imelegea. Tairi ikishabadilishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kisha tazama taa, indiketa, waipa, vioo, na ardhi iliyo chini ya gari. Tone la mafuta sakafuni lina rangi na mahali pake. Yote mawili yaandikwe.

3. Pima uzito wa ubovu

Daraja la kwanza: gari halitoki, na kama liko njiani linasimama penye usalama. Humu mna pedali inayozama, breki ya mkono isiyoshika (aliyewahi kupanga foleni kwenye mteremko wa feri ya Likoni anaijua maana yake), usukani unaocheza kupita kawaida, tairi yenye uvimbe ubavuni au nyuzi zilizo nje, nati iliyolegea, dizeli inayovuja, na taa za breki zisizowaka. Piga simu kwanza, andika mara moja baadaye. Usikubali jibu la "jikaze ufike".

Daraja la pili: litengenezwe kabla ya safari ya kesho. Mifano ni klachi inayoanza kuteleza, feni belti inayolia, au springi iliyovunjika jani moja gari likiwa tupu.

Daraja la tatu: lisubiri siku ya sevisi. Kiti kilichochanika na kitasa cha boneti kinachokwama vinaingia hapa.

Madaraja haya hubadilika na hali. Waipa iliyokufa wakati wa kiangazi ni daraja la pili. Wakati wa masika ni daraja la kwanza.

4. Namna ya kuandika

Andika ulichoona, ulichosikia, ulichonusa na kilichohisiwa na mguu au mkono wako. Kutafuta chanzo ni kazi ya fundi. Dereva akiandika "silinda ya breki imekufa", fundi atabadilisha silinda, na ikiwa kosa ni la mafuta, gari litatoka na ubovu uleule.

Linganisha taarifa hizi mbili. Ya kwanza: "Breki mbaya." Ya pili:

"Jumanne, saa 3:40 asubuhi. Nateremka Mazeras kuelekea Mombasa, mzigo tani 3. Mara ya tatu kukanyaga breki, pedali ilizama karibu na sakafu. Nilipampu mara mbili ikarudi. Nilisimama nusu saa, ikakaza yenyewe. Hakuna mafuta yaliyomwagika chini. Harufu ya kuungua, gurudumu la nyuma kushoto."

Taarifa ya pili inampa fundi pa kuanzia. Pedali kukaza baada ya kupoa kunamwelekeza kwenye mafuta yaliyochemka, na harufu ya upande mmoja inamwambia afungue gurudumu lile kwanza aone kama breki yake haiachii. Yote hayo ni mistari michache, kazi ya dakika tatu.

Kila taarifa iwe na namba ya gari, tarehe, saa, mahali, uzito wa mzigo, dalili, na ulichofanya. Picha ya WhatsApp inasaidia, na sauti pia, lakini zisichukue nafasi ya daftari la gari. Simu hupotea na ujumbe hufutwa. Baki na nakala yako.

5. Baada ya kuripoti

Msimamizi aweke saini na saa aliyoipokea. Fundi aandike alichokikuta na alichokifanya. Asipoona kitu, aandike "nimekagua, sikuona ubovu", atie saini, kisha gari lijaribiwe katika hali ileile: mteremko uleule na mzigo kama ule, na kama ubovu ulikuwa wa breki, fundi apime unyevu wa mafuta kabla ya kulijaribu popote. Dereva anayefuata asome ukurasa wa mwisho kabla ya kupokea ufunguo.

6. Sheria na wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake hali yoyote anayoamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni hatari kubwa au ya karibu. Hadi hatari hiyo irekebishwe, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mfanyakazi penye hatari inayoendelea. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo inakataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha watu. Polisi akilisimamisha, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani.

Wenye magari nao wajiulize kwa nini madereva hunyamaza. Mara nyingi ni kwamba gari likilala gereji, posho ya safari nayo hulala. Mfumo wa namna hiyo unamlipa dereva ili afiche. Mficha maradhi, kifo humwumbua, na barabarani kifo hicho hakimchagui dereva peke yake. Siku ambayo gari limefungiwa kwa taarifa ya kweli ilipwe, na dereva apewe gari jingine au kazi nyingine ya ghalani.

Dereva, kalamu iwe karibu na ufunguo. Leo jioni, kabla hujashuka garini, andika lile jambo ambalo umekuwa ukilisema kwa mdomo tangu wiki jana.